Kutunza bibi wa Kiyahudi Baltimore: amri si zako, mikono ndiyo yako

Ukipangiwa kazi ya kutunza mzee katika nyumba ya Wayahudi wanaoshika dini yao sawasawa, ofisi hukupa maelekezo mafupi: usiingie na nguruwe, na Jumamosi usiwashe taa. Nami nilipewa hayo hayo. La nguruwe halikunihusu, mimi ni Muislamu wa Tanga. La taa ndilo lililonipotosha, na limewapotosha wenzangu wengi, kwa hiyo naanza nalo.

Amri za Taurati, kwa hesabu ya marabi, yaani wanazuoni wa Kiyahudi, ni 613: 248 za kutenda na 365 za kuacha. Nyingi leo hazina pa kutekelezwa kwa sababu zinahusu hekalu la Yerusalemu, ambalo Warumi walilibomoa mwaka 70. Zilizobaki zinamfunga Myahudi. Wewe usiye Myahudi wanakuhesabia saba tu, zile za Nuhu, kama kutoua, kutoiba na kutoabudu sanamu. Kwa hiyo hukuajiriwa ili ushike Shabbos, kama wenyewe wanavyoiita Sabato kule Baltimore, Marekani. Ukiwa chumbani kwako Ijumaa usiku na unataka kusoma, washa taa usome. Hakuna aliyekukataza ila ile karatasi ya ofisi.

Ugumu uko kwingine. Myahudi hawezi kukutuma umfanyie kazi aliyokatazwa yeye. Ukiwasha taa kwa haja yako mwenyewe naye yumo humo, anaweza kusoma kwa mwanga huo. Ukiiwasha kwa ajili yake, hapo pana walakini. Ndiyo maana mtu atasimama mlangoni aseme, "Humu kuna giza leo," kisha anyamaze. Mwanzoni nilikuwa naitikia, "Kweli, kuna giza," naendelea na shughuli zangu. Binti wa bibi niliyekuwa namtunza ndiye aliyekuja kunieleza siku ya Jumatatu, huku anacheka, kwamba pale nilikuwa naambiwa jambo. Sisi watu wa pwani tunajiona mabingwa wa mafumbo, lakini hilo lilinipita kavu kavu.

Kwa mgonjwa mambo ni mepesi zaidi. Bibi alikuwa na kisukari, anachoma insulini, na anatembea kwa kile kifremu cha magurudumu. Familia ilikuwa imemuuliza rabi wao, na jibu likawa kwamba kwa yale yanayohusu ugonjwa wake wanaweza kuniomba waziwazi, Shabbos au si Shabbos. Kupima sukari, kuinua kitanda cha umeme, kuwasha taa ya chooni usiku, yote hayo nilifanya bila fumbo. Nakushauri uulize hili siku ya kwanza kabisa, na uulize mbele ya familia: rabi amesema nini kuhusu mzee huyu? Kila nyumba ina rabi wake, na majibu hayafanani.

Mtaa wenyewe niueleze kidogo. Wayahudi wa Baltimore wanaoshika dini wamejaa upande wa kaskazini-magharibi, kuanzia barabara ya Park Heights mpaka Pikesville. Jumamosi asubuhi magari yao yamelala, barabara imejaa watu wanaotembea kwa miguu kwenda sinagogi, wanaume wamejifunika shali, wanawake walioolewa wamevaa wigi au kilemba. Bibi naye hakutoka chumbani bila kilemba. Siku aliyoniona na mtandio wangu aliniangalia, akaugusa wake, akatabasamu. Usaili wangu uliishia hapo, japo binti yake aliendelea kuuliza maswali.

Sasa jikoni, ambako ndiko utakakotoka jasho.

Taurati inakataza mara tatu kumpika mwanambuzi katika maziwa ya mama yake, mara mbili katika Kutoka na mara moja katika Kumbukumbu la Torati. Kwenye aya hiyo marabi wamejenga jiko zima. Nyama na maziwa havipikwi pamoja, haviliwi pamoja, na vyombo vyake havikutani. Nyumba ya bibi ilikuwa na sinki mbili, dodoki mbili, seti mbili za sufuria, na vibandiko: vyekundu vya nyama, vya buluu vya maziwa, vya kijani vya chakula kisicho huku wala huku, kama mayai, samaki, mboga na wali. Bibi akila nyama, alisubiri saa sita ndipo anywe chai ya maziwa. Nyumba nyingine husubiri saa tatu, hasa wenye asili ya Ujerumani. Kwa mgonjwa wa kisukari saa hizo ni jambo la kupanga mapema, maana sukari ikishuka saa kumi jioni na amekula kuku mchana, huwezi kumkimbizia mtindi bila kumtia simanzi. Nilikuwa na juisi na tende karibu muda wote.

Samaki lazima awe na mapezi na magamba. Kwa mtu wa Tanga hii ni hasara: hakuna pweza, hakuna ngisi, kamba, kaa, wala papa. Letusi, brokoli na koliflawa huloekwa, huoshwa, kisha hutazamwa jani kwa jani kwenye mwanga, kwa sababu kula mdudu ni kosa zito kuliko unavyodhani. Yai hupasuliwa kwenye glasi kwanza, likiwa na tone la damu linatupwa. Nyama haikunisumbua, kwani inanunuliwa kwa wachinjaji wao ikiwa imekwisha kuloekwa nusu saa, kutiwa chumvi saa nzima na kuoshwa ili damu itoke. Bidhaa za dukani utazijua kwa alama ndogo kwenye pakiti. Pale Baltimore alama inayoonekana sana ni nyota yenye herufi K ndani, ya Star-K, ambao makao yao yako mji huo huo. Usinunue kitu kwa kuwa "kinafanana" na cha jana. Piga picha ya pakiti iliyokwisha, nenda nayo dukani.

Halafu kuna kanuni zinazouma. Mvinyo wa kawaida ulioguswa na asiye Myahudi hawaunywi, labda uwe ulichemshwa kiwandani. Chakula kilichopikwa mwanzo mwisho na asiye Myahudi, kwa aina nyingi za vyakula, hawali. Nyama iliyo wazi hawaiachi peke yake na mgeni asiye wao. Niliposikia haya kwa mara ya kwanza nilijisikia mchafu. Nilimaliza zamu, nikapanda basi, nikalia. Nilimpigia dada yangu simu nikamwambia nimeona mengi Marekani katika huku kubeba boksi, lakini kuambiwa mkono wangu unaharibu chakula sijapata kuambiwa. Dada akaniuliza kwa upole, "Na wewe ukialikwa nyama, swali lako la kwanza ni lipi?" Nikanyamaza. Kwetu swali la kwanza ni nani kachinja.

Sisemi maumivu yaliisha siku hiyo. Yalipungua nilipoona kanuni zinavyoendeshwa, maana kila mkazo una namna yake ya kuendeka. Kwa mvinyo tulikubaliana bila kikao: wao hawataki niuguse, na mimi sitaki kuugusa. Kwa upishi, desturi ya familia ile, ambao asili yao ni Ulaya ya mashariki, ni kwamba Myahudi akiwasha moto tu inatosha, mengine yote nifanye mimi. (Wenye asili ya nchi za Kiarabu na Uhispania wengi hutaka Myahudi mwenyewe aweke sufuria motoni, kwa hiyo uliza.) Basi kila asubuhi isiyo ya Shabbos nilimwinua bibi, tukasukuma kifremu polepole mpaka jikoni, akanyoosha kidole kinachotetemeka, akazungusha swichi ya jiko la gesi mpaka moto ukashika. Kisha akarudi kwenye kiti chake akiwa na sura ya mtu aliyepika chakula chote. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa anatafuta njia ya kumfanya atembee kila siku. Amri ilikwisha kumtembeza.

Siku moja nikapika kuku wa nazi. Kopo la tui lilikuwa na alama ya kosheri, yaani kinachoruhusiwa kwa sheria yao, kuku alikuwa wao, sufuria nyekundu, jiko kaliwasha bibi mwenyewe. Binti akaja, akaona kuku anaelea kwenye kitu cheupe, uso ukambadilika. Nikamwonyesha kopo. Akashusha pumzi, akalisoma pande zote, kisha akaniomba kitu cha ajabu: nitafute nazi yenyewe, au hata nazi iliyokunwa, niweke mezani karibu na bakuli. Ni kanuni ya zamani, iliyoandikwa kuhusu maziwa ya lozi: ukiyapikia nyama, weka lozi mezani, ili anayetazama asidhani Myahudi anakula nyama kwa maziwa. Tangu hapo kila nikipika kuku wa nazi, kipande cha nazi kiko mezani kama shahidi. Bibi aliupenda mchuzi huo kupita kiasi, na wajukuu wakaanza kuuagiza.

Kuhusu makosa ya jikoni, nieleze la mwenzangu wa zamu ya usiku. Alikoroga supu ya nyama kwa kijiko cha buluu, akashtuka, akataka kukiosha na kukirudisha kimya kimya. Usifanye hivyo hata siku moja. Ukificha, utawalisha watu kitu ambacho wamekikwepa maisha yao yote, na wakigundua hawatakuamini tena kwa lolote, hata kwa dawa. Tulikiweka kijiko kando bila kukiosha, tukampigia binti, naye akampigia rabi. Rabi aliuliza: supu ilikuwa ya moto? Kijiko kilitumika kwa maziwa ya moto ndani ya saa 24 zilizopita? Supu ni nyingi kiasi gani ukilinganisha na kijiko? Wanayo kanuni ya sitini, kwamba kilichoingia kwa bahati mbaya kikiwa chini ya sehemu moja ya sitini, mara nyingi humezwa. Kijiko kilikuwa hakijatumika siku kadhaa. Supu ikaliwa, kijiko kikasafishwa kwa maji yanayochemka. Hakuna aliyefoka. Swali kama hilo kwao ni la kila wiki.

Shabbos yenyewe inaanza Ijumaa kabla ya jua kuzama. Wanawake huwasha mishumaa dakika 18 kabla. Desemba Baltimore jua linazama kama saa kumi na moja kasorobo jioni, kwa hiyo ukifika saa tisa umechelewa: bibi aoge, dawa zipangwe, chakula kikae juu ya bamba la umeme, maji ya moto yawe kwenye birika lake, taa ya friji izimwe isije ikawaka mtu akifungua, karatasi za chooni zikatwe vipande mapema kwa sababu hata kuchana ni kazi mojawapo kati ya kazi 39 zilizokatazwa. Kiangazi shida inageuka. Shabbos haiishi mpaka nyota zionekane, na Juni hiyo ni saa tatu na nusu usiku au zaidi. Hakuna wa kukurudisha kwa gari kabla ya hapo, mabasi yamepungua, na teksi inakula pesa uliyotoka kuitafuta. Nililipa mwenyewe muda mrefu kabla sijathubutu kusema. Niliposema, familia ikaiongeza kwenye malipo bila neno.

Na ofisi nayo. Zamu ilitakiwa kuthibitishwa kwa simu ya nyumbani kwa mgonjwa, kisha mgonjwa asaini karatasi siku hiyo hiyo. Bibi hawezi kusaini Jumamosi, kuandika ni kazi iliyokatazwa. Kalamu yenyewe haishiki. Ofisi ikanikata saa zote za Jumamosi, tena zaidi ya mara moja, na ukipiga simu unajibiwa mfumo ndio ulivyo. Ilinibidi nipate barua ya binti inayoeleza kwamba sahihi za Jumamosi na sikukuu zitawekwa usiku baada ya Shabbos au siku inayofuata, nikaituma kwa barua pepe ili ibaki kumbukumbu. Fanya hivyo kabla ya zamu ya kwanza. Ukumbuke pia kwamba nyingi ya sikukuu zao kubwa, nje ya Israeli, huwa na siku mbili mbili, na zikiungana na Shabbos unapata siku tatu mfululizo bila simu, bila duka, bila sahihi. Dawa ziwe zimekwisha kununuliwa Jumatano, usingoje Ijumaa.

Dharura haina Shabbos. Hili liandike kichwani. Bibi alibanwa kifua Ijumaa usiku, nami nikamtazama mwanawe nikisubiri ruhusa, na yeye alikuwa tayari ameinua simu kwa mkono wake mwenyewe. Kwao anayefanya haraka kuokoa uhai siku ya Shabbos ndiye wa kusifiwa, na hawapendi hata achelewe kwa kumtafuta asiye Myahudi amfanyie. Wajitoleaji wa Hatzalah, kikosi cha huduma ya dharura, nao Wayahudi, walikuja na gari linawaka taa zote.

Jambo dogo ambalo lingeniokoa na presha: kabla ya kula mkate, mzee atanawa mikono kwa kopo la masikio mawili, kisha hataongea mpaka aseme baraka na kutafuna. Nilimuuliza bibi kama anataka chumvi, akanitolea macho bila kujibu. Nikamuuliza tena, kimya. Nilishaanza kuuangalia mdomo wake kama umepinda, nikidhani kiharusi. Vilevile usimsukumie kijiko mdomoni kabla hajamaliza baraka. Subiri amalize, na ukimjibu "amen" atafurahi.

Lililonigusa kuliko yote ni Yom Kippur, Siku ya Upatanisho. Wanafunga kama saa 25, bila maji, hawaogi, hawavai viatu vya ngozi. Bibi alikuwa amefunga tangu utoto. Mwaka ule daktari alisema hapana, akaongea na rabi kwa simu, na rabi akaja nyumbani. Alimwambia: kwako wewe kula siku hiyo ndiyo amri, na ukifunga umeivunja. Akamkumbusha maneno ya Walawi kwamba mtu ataishi kwa amri hizo, na wazee wao walivyoyafafanua, aishi kwa hizo, asife kwa hizo. Bibi alilia kama mtoto aliyenyang'anywa kitu. Mimi nilikuwa namkumbuka baba yangu, ambaye sukari yake ilikuwa juu na kila Ramadhani alitudanganya kwamba amekula.

Rabi alimpa utaratibu. Kuna kiasi ambacho mtu akila kwa mpigo amefungua kabisa, na chini ya hapo, kwa mgonjwa, kuna wepesi. Basi ale na kunywa kidogo kidogo, chakula kisichozidi mililita 30, kisha asubiri kama dakika tisa, ndipo ale tena. Kinywaji nacho kina kipimo chake, kikihesabiwa mbali. Daktari alibadilisha dozi za insulini. Kazi ya kushika saa ikawa yangu. Nilichukua kile kikombe cha plastiki cha dawa chenye mistari, nikakijaza juisi mpaka mstari, nikampa, nikategesha taima. Bibi amevaa viatu vya kitambaa, kitabu cha sala cha herufi kubwa magotini, anasoma kwa kunong'ona. Taima ikilia, ananyoosha mkono bila kuinua macho. Kipande cha keki kilichokatwa kwa kipimo. Taima. Juisi. Tulikwenda hivyo mchana kutwa. Kwenye alasiri alinitazama akasema kwamba katika maisha yake yote hajawahi kushika Yom Kippur kwa uangalifu namna ile.

Wewe usibuni vipimo vyako. Hiyo ilikuwa fatwa ya mtu mmoja kwa ugonjwa mmoja. Lakini ukiona mzee mwenye sukari anajiandaa kufunga na hakuna aliyeuliza, piga simu wiki moja kabla, kwa familia na kwa muuguzi wa ofisi.

Pasaka ni usafi, na ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Siku nane hakiruhusiwi ndani chochote cha ngano, shayiri na jamii zake kilichopata kuumuka. Mifuko ya makoti inakung'utwa, viti vya gari vinatolewa makombo, vyombo vya mwaka mzima vinafungiwa, vingine vinashushwa kutoka darini. Kinachobaki kinauzwa kwa asiye Myahudi kupitia rabi, kwa mkataba halisi. Chapati zangu za mchana zilibaki kwetu. Unga wa sembe ulikuwa na hadithi yake: wao hawali mahindi, mchele wala maharage siku hizo, japo kuwamo ndani ya nyumba si kosa. Niliamua nisilete kabisa, nikaishi kwa viazi na mayai. Angalia na vidonge vya mzee, hasa vya kutafuna na vya maji. Usiache kumpa dawa kwa sababu ya Pasaka, ulizia mapema.

Baadaye bibi alifiwa na dada yake, na nyumba ikakaa matanga ya siku saba. Vioo hufunikwa, wafiwa hukaa viti vya chini, ila mgonjwa huachiwa kiti chake. Wageni huingia bila kubisha na hawaanzi kusema, humngoja mfiwa aongee kwanza. Mimi niliyezoea kuanza na pole nilibanwa na ulimi siku nzima. Usipeleke maua, hawana desturi hiyo, wala usipeleke sufuria ya pilau kutoka kwako, hata kama moyo unakusukuma. Peleka matunda mazima yasiyokatwa. Mimi nilipeleka maembe na machungwa, wakayaweka mezani pamoja na vingine, yakaliwa yote.